Mteremko wa Visiki: Shajara ya Kisiki Hai, Kongwa

12 Agosti 2023

Leo tumeanza kuhesabu visiki vya mteremko wetu. Tulikuwa watu 19, wengi akina mama, tukajipanga mstari mmoja kutoka barabara ya juu mpaka korongoni, kila mtu na fungu la vitambaa vilivyochanwa kutoka kanga na mashuka makuukuu. Hakuna aliyebeba panga. Kazi ilikuwa kuinama, kutazama na kufunga kitambaa.

Anayepita barabarani akautazama mteremko huu atasema ni kipara. Udongo umefanya ukoko. Mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake kama juu ya bati, yanakusanyika korongoni, na korongo kila msimu linamega mashamba ya chini. Lakini ukiinama, kila hatua tano au sita unakuta kichaka kisichozidi goti, vijiti vimesongamana, ncha zimetafunwa. Miaka yote tumevipita tukiviita vichaka. Kumbe kila kimoja ni mti. Ulikatwa zamani, shina likaondoka, mizizi ikabaki hai chini. Kila mvua hutoa machipukizi ishirini au thelathini kwa mpigo, mbuzi wanayala, panga linayafyeka, na mwaka unaofuata kinaanza upya.

Mpaka jua la utosi tumefunga vitambaa 612. Mingi ni milama. Ipo mikole, ipo migunga, na kwenye ukingo wa korongo tumekuta mpingo ambao sikujua kama bado upo kijijini kwetu. Mama mmoja aliyezaliwa hapa alipiga magoti mbele ya mkole akausogeza kwa vidole, akasema alipokuwa msichana walikuwa wakija kuchuma matunda yake wakitoka kuteka maji. Wajukuu zake hawajawahi kuyaonja.

19 Agosti 2023

Mkutano mkuu wa kijiji. Umechukua saa nne na muhtasari umejaza kurasa saba. Hapa naandika yaliyobaki kichwani.

Mzee mmoja alisimama mapema. "Mwanangu katibu, mwaka ule mlituita hapahapa, tukapewa miche, tukapiga picha. Iko wapi?" Wote tulinyamaza kwa kuwa wote tunajua iko wapi. Ililetwa kwa lori mwishoni mwa Machi, mvua ikiwa imebaki kidogo sana. Tukachimba mashimo kwenye udongo huu mgumu, wageni wakahutubia, wakaondoka. Hapakuwa na fungu la maji wala la mlinzi. Ilipofika Julai nilikuwa napita katikati ya mistari ya vijiti vikavu. Nilikuwa kijana mdogo, miche ile niliibeba kichwani mwenyewe, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Nikamjibu mzee: safari hii hatupandi. Mche una mzizi wa shibiri moja na huku unaanza maisha kiangazi kikiwa mlangoni. Kisiki kina mizizi ya mti mzima iliyokwisha kushuka kwenye unyevu. Kinakosa nafasi tu. Nikawaeleza habari za Maradi, nchini Niger, ambako Tony Rinaudo kutoka Australia alihangaika na miche iliyokuwa ikifa kila mwaka, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotambua kwamba vile vichaka vya jangwani vilikuwa visiki. Wakulima wa kule waliacha kuvifyeka, na leo wanahesabu hekta milioni kadhaa zilizorudi kijani. Huku Dodoma njia hiyohiyo imepewa jina la kisiki hai, na sioni jina lingine lingeweza kulisema jambo hili vizuri zaidi.

Mzee yule hakukaa. Akatusimulia habari za baba yake, aliyekuwa kibarua wa Mradi wa Karanga. Hapa Kongwa historia hiyo haijapoa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta mazito kufyeka vichaka walime karanga, kwa kuwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia mafuta ya kula yalikuwa haba kwao. Vichaka vilivunja mashine, udongo ukikauka ukawa kama saruji, mvua ikawa chache, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Reli iliyojengwa kutoka Msagali kwa ajili yake ikaja kung'olewa. "Baba alikuwa akisema mizizi ya huku haing'oki," mzee akamaliza, kisha akaketi. Nilimwona akinyoosha mkono wakati wa kura.

Ugumu ulikuwa kwa wakulima wenzangu kuliko kwa wazee. Tumefundishwa tangu utoto kwamba mkulima bora shamba lake ni safi, halina kisiki hata kimoja. Kumwambia mtu aache miti katikati ya uwele na alizeti ni kama kumwambia aonekane mvivu mbele ya majirani. Kilichosaidia ni mgunga mmoja mkubwa wa bondeni, ule unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa tena kiangazi. Kila mtu anajua mtama ulio chini yake huwa mzito kuliko wa pembeni. Balozi wa nyumba kumi aliutaja huo, na watu wakatulia.

Suala la mifugo limeahirishwa. Kwa sauti zilizopandishwa leo, ni vizuri limeahirishwa.

2 Septemba 2023

Kikao cha mifugo, chini ya mbuyu, wafugaji wakiwa wengi kuliko sisi. Sisi tulikuja na pendekezo la kufunga mteremko mzima kwa miaka mitatu. Lilikuwa pendekezo baya na nafurahi halikupita. Ng'ombe wangepita wapi kwenda kunywa?

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni mfugaji wa Kisukuma aliyehamia hapa kutoka Shinyanga. Akaeleza ngitili ya kwao: malisho yanafungwa mvua zinapoanza, nyasi zinakua bila kuguswa, yanafunguliwa kwa zamu kiangazi kikikaza wakati kwingine kote kumekauka. Desturi hiyo iliwahi kufifia, ikafufuliwa na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, na maeneo makubwa ya Shinyanga yaliyokuwa yakiitwa jangwa yamepata miti tena. Alisema, "Mimi siombi mlango wazi. Naomba kujua utafunguliwa lini." Sentensi hiyo imefanya kazi kuliko kurasa zangu zote saba.

Tumekubaliana hivi. Mteremko umegawanywa sehemu tatu. Palio la ng'ombe kwenda kwenye maji linabaki, upana wake tumeupima kwa hatua na wafugaji wenyewe. Sehemu ya juu imefungwa kwa ng'ombe msimu huu na kiangazi chake, kisha itafunguliwa kwa siku maalumu kabla ya mvua za mwaka ujao. Mbuzi hawaingii kabisa mpaka machipukizi yapite urefu wao wakisimama kwa miguu miwili. Sheria ndogo itaandikwa, ipite mkutano mkuu kisha iende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

16 Septemba 2023

Kupogoa, siku ya kwanza. Afisa ugani alikuja kwa bodaboda akatuonyesha kwa vitendo.

Unachagua machipukizi matatu au manne, yaliyonyooka, manene, yasiyobanana. Mengine yote unayakata karibu kabisa na kisiki, na panga liwe kali. Panga butu linapasua gome na kukaribisha ugonjwa. Mkato uwe wa mshazari ili maji yasitulie juu yake. Yale uliyoyabakiza unayaondolea vitawi vya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu, hapo unaacha, kwa kuwa majani ya juu ndiyo yanayolisha mti. Kisha unafunga kitambaa upya kwenye chipukizi mojawapo. Kitambaa hakina dawa yoyote. Kinamwambia anayepita kwamba mti huu una mtu.

Kosa langu naliandika: visiki 12 vya kwanza niliacha chipukizi moja moja. Nilitaka miti mirefu haraka. Afisa ugani akaniuliza, "Upepo ukilivunja hilo moja?" Sikuwa na jibu. Machipukizi ya akiba ni bima, na yakikomaa unayavuna moja moja kwa kuni au fito huku mti unaendelea.

Matawi ya miiba tumeyazungushia visiki vyenyewe. Yasiyo na miiba yamegawanywa, kila mama akaondoka na mzigo wa kuni bila kukata mti. Nimeona nyuso zao wakati wa kufunga kamba. Huku mwanamke hutoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua limepanda; leo kuni zimepatikana katikati ya kazi ya kuotesha msitu.

7 na 14 Oktoba 2023

Mashimo ya nusu mwezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatangaza mvua kubwa za El Niño, kwa hiyo tumeharakisha.

Kwa wasiowahi kuyaona: ni shimo lenye umbo la mwezi mchanga, upana kama mita 5, kina cha kiasi, na udongo uliochimbwa unawekwa upande wa chini kama tuta. Maji yanayoteleza kutoka juu yanaingia, yanatulia, yanazama. Mstari wa pili unachimbwa kwenye mapengo ya mstari wa kwanza, ili maji yanayolikosa shimo la juu yanaswe la chini. Kupata usawa tunatumia fremu A: miti miwili iliyounganishwa kileleni, mmoja wa kukatiza katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia. Jiwe likitulia katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Vijana wa darasa la saba wameielewa haraka kuliko mimi.

Ardhi ni ngumu mno. Sululu mbili zimevunjika mipini. Mashimo 41 kwa Jumamosi mbili, na mikono yetu inasema hivyo.

26 Novemba 2023

Mvua ya kwanza ya maana. Nilikimbia mteremkoni na mwavuli ambao haukunisaidia chochote. Mashimo yalikuwa yamejaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeona maji yamesimama mahali pale. Nilisimama mpaka giza.

5 Desemba 2023

Redio haizungumzi kingine ila Hanang. Juzi sehemu ya mlima imeporomoka na tope limeufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu wengi wamekufa. Tumekatisha kazi ya leo, tukaomba pamoja, tukachanga tulichonacho. Jioni wengi walitembea mpaka ukingo wa korongo letu wakaliangalia bila kusema.

13 Januari 2024

Mstari wa tatu wa mashimo umevunjika. Mvua ya juzi usiku ilikuwa kubwa, tuta moja likapasuka, maji yake yakaangukia la chini, likapasuka nalo, mpaka mashimo saba yakafunguka kama milango. Mfereji mpya umechimbika, kina chake magotini.

Tumetembea na fremu A kutafuta sababu na tumeipata. Mstari ule tulichimba jioni ya siku ya pili tukiwa tumechoka, tukaupima kwa macho. Upande mmoja uko chini kuliko mwingine kwa karibu kiganja, basi maji yote yalikimbilia kona hiyo. Halafu kuna kosa kubwa zaidi, la mpango wenyewe: tulianzia katikati ya mteremko kwa sababu ndiko karibu na nyumba. Maji yanaanza juu. Yakifika katikati yameshapata mbio.

Kwa wiki mbili zijazo hatuchimbi chochote kipya. Tunajaza mfereji kwa mawe, vizuizi vifupi vifupi, katikati pakiwa chini kuliko kingo ili maji yapite juu ya jiwe na siyo kando yake. Mashimo mapya yataanzia barabarani, kiangazi.

17 Februari 2024

Nyasi. Ndani ya kila shimo lililosalia, nusu duara la kijani kwenye udongo mtupu. Hatukupanda mbegu hata moja. Zilikuwa kwenye udongo zikisubiri maji yakae. Machipukizi ya mlama yamefika kifuani. Mama mmoja amechuma mboga za mlenda kando ya mashimo, akatuletea wote sahani ya ugali wa uwele nayo. Nimekula mteremko wetu.

23 Machi 2024

Hii ni siku ambayo ningependa isingekuwepo kwenye daftari.

Tumekuta tanuri la mkaa kwenye pembe ya juu, bado lina moshi. Migunga miwili mikubwa, ile pekee iliyobaki imesimama sehemu ile na tuliyoitegemea kwa mbegu, imekatwa. Haikuchukua muda kumjua mwenye tanuri, kwa kuwa hakujificha. Ni jirani yetu, mama mwenye watoto wanne, hana shamba zaidi ya kiwanja cha nyumba. Gunia la mkaa linanunuliwa barabarani na malori yanayokwenda Dodoma mjini, na tangu mji ule ulipoanza kupokea Serikali, mnunuzi hakosekani.

Aliitwa kwenye kikao. Alisema, "Ninyi mnatunza miti. Mimi natunza nani?" Wapo waliotaka asamehewe, wapo waliotaka alipe, kwa kuwa sheria ikipinda kwa mmoja itapinda kwa wote. Nilikuwa upande wa pili na nilipiga kura hivyo. Amelipa faini kwa kuuza mbuzi. Nilimwona mbuzi akipelekwa mnadani, na moyo wangu haujatulia tangu hapo.

Tumemweka kwenye mgao wa kuni. Najua mzigo wa kuni si gunia la mkaa. Nimependekeza kamati ianze kuzungumzia mizinga ya nyuki kwa kaya zisizo na ardhi kwanza, kabla ya wanakikundi. Imeandikwa kwenye muhtasari. Nitaifuatilia.

18 Mei 2024

Tumetoka Kondoa, watu sita, kwa nauli tuliyochanga. Nilitaka kuona kwa macho eneo la HADO. Mradi ule wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, wakati milima ya Kondoa ilikuwa imechanwachanwa na makorongo, na mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Yote, kwa amri.

Ardhi iliitikia. Tumetembea kwenye miteremko yenye miti ambayo hakuna aliyeipanda, tumeteremka kwenye korongo ambalo kuta zake zimevaa nyasi na majani. Wenzetu walikuwa wakigusa mashina na kuhesabu miaka. Lakini mwenyeji wetu, mtu mzima aliyekuwa mvulana mwaka ule, alitusimulia siku ng'ombe wa baba yake walipoondoka, na alipofika hapo aliacha kutembea. Baadaye ufugaji wa ndani uliruhusiwa, ng'ombe wakarudi kwa kulishwa zizini.

Usiku, njiani kurudi, mfugaji wetu wa Kisukuma alikaa kiti cha nyuma yangu. Akaniambia, "Umeona? Miti inarudi hata kwa nguvu. Watu hawarudi hivyo." Nimeamua kwamba ratiba ya kufungua malisho Oktoba haitasogezwa hata siku moja, hata kama miti itakuwa mifupi kuliko tulivyotaraji. Tuliahidi.

10 Agosti 2024

Mwaka mmoja. Tumehesabu tena, mstari uleule, kutoka barabarani mpaka korongoni.

Kati ya visiki 612, vilivyo hai na vinavyokua ni 538. Vingi vya vile vilivyopotea viko kando ya palio, na vingine vilisombwa na mfereji wa Januari. Kati ya vile 12 vyangu vya chipukizi moja, vitano vilivunjika kwa upepo. Milama mingi imenipita urefu. Mpingo wa korongoni umeongezeka kiganja tu. Mpingo hauharakishwi na mtu. Mkole ule haujazaa bado, lakini mama yule huenda kuutazama kila Ijumaa.

Kanga wa porini wamerudi. Tumewasikia kabla ya kuwaona.

Gharama ya mwaka mzima ni mapanga, sululu, kamba, madaftari na nauli ya Kondoa. Nimeiandika wazi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, shilingi kwa shilingi.

12 Oktoba 2024

Leo mlango umefunguliwa. Ng'ombe peke yao, wiki mbili, kila zizi na zamu yake. Tulikesha na wasiwasi. Ng'ombe waliingia polepole, vichwa chini, wakaanza kula nyasi kavu zilizofika magotini mwao. Mchungaji mdogo, labda wa miaka kumi, alikuwa akimwelekeza ndama mbali na kila kitambaa bila kuambiwa na mtu.

26 Oktoba 2024

Siku ya mwisho ya malisho. Machipukizi yaliyovunjika ni 17. Nilikuwa nimeogopa mamia. Wafugaji wameomba wao wenyewe sehemu ya pili ipogolewe kabla ya mvua, na wametoa vijana wanane wa kuchimba mistari ya juu kuanzia barabarani. Fremu A mbili zimetengenezwa, na safari hii hakuna mstari unaopimwa kwa macho, hata jua likizama.

Mama wa mkaa alikuja kuchukua mgao wake wa kuni. Hakunisalimu. Mizinga ya kwanza mitatu iko kwa fundi, na mmoja una jina lake.

Kesho asubuhi tunafunga pengo la juu kwa miiba. Mawingu yameanza kusimama upande wa milima ya Kiboriani.